Nilipoacha Kuamia Mpunga Nikaenda Kuhesabu Tai

Mama aliona nimechanganyikiwa. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha, mpunga wetu wa Kibaoni umeanza kuinamisha vichwa, na kwelea wameshafika kwa makundi. Msimu huo sisi wa Mpimbwe kazi yetu kubwa ni kuamia ndege. Alfajiri unapanda kichanja katikati ya shamba, kombeo mkononi na debe miguuni, na kila kundi likishuka unapiga kelele mpaka koo linakauka. Nimefanya hivyo tangu utotoni, na sasa nina watoto wanaonisaidia.

Ndipo mdogo wangu Skola akapiga simu kutoka Mpanda. Alikuwa amejifungua wiki ile, na yeye ndiye humsaidia mumewe, Deo, kuhesabu tai wanaopita juu ya milima ya upande wa Kabungu. Shemeji Deo ni fundi pikipiki pale Majengo, lakini kila masika hufunga kibanda chake kwa siku kadhaa akapanda mlimani kwa kujitolea. Kazi inataka watu wawili, mmoja atazame, mwingine abonyeze kihesabio.

"Dada, naomba ukamsaidie," Skola alisema. "Mwaka juzi mawingu, mwaka jana mawingu, hatukuona kitu. Wenye darubini waliotuazima wamesema tukikosa na mwaka huu wanaipeleka mlima mwingine. Deo hata kula hali vizuri."

Nilipomweleza mama, alinitazama toka juu hadi chini. "Yaani unaacha kufukuza ndege hapa, unaenda kuwahesabu huko? Nyie watoto nyie!"

Asubuhi iliyofuata nikapanda basi. Barabara ya Mpanda inakata katikati ya hifadhi ya Katavi, na mbung'o waliingia madirishani bila nauli. Abiria tukawa tunapigana makofi ya mgongo, na hakuna aliyeomba radhi. Sitalike mto ulikuwa umejaa maji ya udongo, viboko wanatoa pua tu.

Majengo nilimbeba mtoto, nikala wali, nikakabidhiwa kihesabio, kidude cha chuma kinachoingia kiganjani. "Mimi nikisema kumi, wewe bonyeza mara moja," Deo alinielekeza. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani. Nikamuuliza kama tunaenda kwenye harusi. "Shemeji, hawa wageni wanatoka mbali," akajibu, na hakuwa anatania.

Jioni tulifika Kabungu kwa pikipiki yake, matope mpaka magotini. Mwenyeji wetu, Mama Josefu, ana nyumba chini kabisa ya mlima. Alitupa ugali na dagaa wa ziwani, kisha akatuchokoza.

"Nyie mkimaliza kuwahesabu tai, hesabuni na vifaranga vyangu walivyokula."

"Hao ni mwewe wa hapahapa, mama," Deo akasema. "Hawa wapitaji wanakula kumbikumbi na makinda ya kwelea. Sasa hivi huko kaskazini theluji inayeyuka, wanarudi kuzaa."

"Makinda ya kwelea?" nikauliza. Tangu hapo nikaanza kuwapenda kabla sijawaona.

Mlimani, siku ya kwanza, tuliona mawingu. Siku ya pili tuliona mawingu na mvua. Deo aliikinga darubini chini ya koti lake, yeye mwenyewe akilowa. Sikumtania tena.

Jioni ya siku hiyo, tukiwa tunafunga mizigo, mawingu yakapasuka kidogo upande wa magharibi. Tai mmoja akashuka kwenye miombo iliyo chini ya mgongo wa mlima. Kisha wengine, kisha wengine tena, wakitua kimya hadi matawi yakainama. Giza lilikuwa limeingia, hawahesabiki. Deo alinishika bega. "Wanalala hapa. Kesho wakipaa, tunao."

Alfajiri tulikuwa tumeshakaa juu ya mwamba. Ukungu ulikuwa unapungua, na chini yetu kila mti ulikuwa na mabonge meusi. Sikuthubutu hata kukohoa. Mara kundi dogo likachomoka kutoka kwenye mti wa karibu. Hapo sijui nieleze vipi. Mwili wangu ulifanya unachofanya kila alfajiri ya mwezi wa tatu. Nikaruka juu, nikapiga ukelele wa shambani kwa nguvu zangu zote, "Hooo! Hoooya!" na sufuria ya chai nikaigonga kwa kijiko.

Mlima mzima ukanyanyuka. Walipita juu ya vichwa vyetu kwa kishindo, mabawa mazito kwa umande, karibu kiasi kwamba upepo wao ulinipiga usoni. Wakazama nyuma ya mlima, miti ikabaki mitupu.

"Shemeji," Deo alisema. Akaketi, akaiweka darubini mapajani. Angenitukana ningepata nafuu. Nililia waziwazi, kamasi na yote.

Jua lilipopanda, mwamba ukaanza kupata moto. Sijui tulikaa muda gani. Kisha Deo akasimama taratibu. Nyuma ya mlima, tai mmoja alikuwa anazunguka bila kupiga bawa, akiinuliwa na hewa yenye joto. Hawakuwa wameenda mbali. Kwa ule ubaridi wasingeweza. Chini yake wakatokea kumi, chini ya hao mamia, wote wakizunguka mzunguko mmoja kama maji yanavyozunguka chunguni ukikoroga. Wakafika juu kabisa, wakanyoosha mabawa, wakaanza kuteleza kaskazini mmoja baada ya mwingine.

"Kumi," Deo akasema. "Kumi. Kumi. Kumi." Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Nyuma ya tai wakaja vipanga, anga nzima, na sauti ya Deo ikaanza kukatika. Alikuwa analia sasa yeye, huku anahesabu. Nikaogopa, ile hofu ya kanisani, ya kuona umesimama mbele ya kitu kisichokuhitaji kabisa.

Mpanda tulirudi tukiimba. Skola alisoma namba kwenye kihesabio, akamwamsha mtoto ili amwonyeshe. Wenye darubini wameiacha ibaki Kabungu.

Kibaoni nilirudi kichanjani. Nilikuwa nimejifunza kwamba miaka yote nimetazama ndege wa usawa wa mpunga tu, sijawahi kuinua shingo. Siku moja asubuhi nikainua, nao tai wakawa wanapita, juu sana, kimya. Kombeo likaning'inia.

"Wewe!" mama akaita toka chini. "Mbona kimya? Mpunga unaliwa!"

Nikamwonyesha. Nikamwambia wanakula makinda ya kwelea, na kwamba wanakwenda mbali kuzaa. Mama akakinga macho kwa kiganja, akatazama muda mrefu, debe likimlegea mkononi. Nyuma yetu kwelea wakashuka shambani, tuliwasikia kabisa, na hakuna kati yetu aliyepiga kelele.