Kodiani Aliyoiacha Mzee Wetu

Jirani yangu hapa Mukuru kwa Reuben, mtu wa kutoka magharibi, hupenda kunichokoza kwamba mwomboko ni ngoma ya watu waliodondosha shilingi. "Mnatembea kidogo, mnainama. Mnatembea tena, mnainama. Si mwambiane tu imeanguka wapi, mzee?" Zamani nilikuwa nacheka naye, kwa sababu huyo ukimkasirikia anaongeza. Mwaka huu sijacheka, na yeye ameona, siku hizi ananisalimia tu na kupita.

Kwetu ni mlimani, upande wa Nyeri, mahali ambapo asubuhi za Julai ukiongea unatoa mvuke mdomoni kama sufuria. Mzee wetu alikuwa mpigaji kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Sasa, kodiani ya mwomboko haipigwi peke yake. Lazima awepo mtu wa pete. Ni pete nene ya chuma, unaitundika kidoleni na kuigonga kwa kipande cha nondo, na hiyo ndiyo inayoiambia miguu iende wapi. Mtu wa kodiani husifiwa. Mtu wa pete hakuna anayemkumbuka, ila akikosea mara moja wachezaji wote wanagongana na anatukanwa yeye. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa pete wa mzee wetu. Kaka yangu mkubwa hakujaliwa sikio. Yeye alikuwa anabeba viti.

Wachezaji walikuwa wanatoka wawili wawili, mwanamume na koti lake refu na kofia, mwanamke na leso yake, wanakwenda pamoja polepole kama watu wenye heshima zao. Mama alikuwa anacheza na wanaume wa watu, kwa sababu wake hangeweza kuacha kinanda. Watu walimsema kwa hilo. Lakini mimi niliyekaa pale na pete nilikuwa naona. Alikuwa anazunguka uwanja mpaka amfikie mzee, anainama mbele yake kama anayemwamkia, halafu anaendelea na safari. Sijawahi kuona mtu akisalimiwa vile. Mke wangu mimi hakuwahi kunisalimia hivyo, Mungu amrehemu, na pengine sikumpa sababu.

Nilifika darasa la tatu, nikaja Industrial Area, nikaingia karakana ya kutengeneza springi za malori, na humo nikazeekea. Mzee alipofariki alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kodiani ni yangu. Sikuichukua. Nitasema ukweli, kwa sababu sasa hakuna wa kumdanganya. Chumba changu kilikuwa kimoja, sisi watu watano na stovu, lakini hiyo si sababu, kodiani ingekaa hata chini ya kitanda. Niliona haya. Vijana wa ploti walikuwa wanacheza muziki wa kaseti, na mimi nilikuwa fundi, naitwa fundi, sikutaka kuonekana na mambo ya kijijini. Nikamwambia kaka aiweke, nitaifuata.

Miaka ikaenda. Kaka akaokoka, akawa mzee wa kanisa, na kodiani ikatoweka machoni. Kila nikienda Krismasi siioni. Sikuuliza. Nikajiamulia mwenyewe kwamba ameificha kwa sababu ni ya dunia, au ameiuza. Nikamchukia. Tena ilikuwa chuki ya kutunza, ile mtu anaipangusa vumbi mara moja kwa mwaka akikutana na mwenyewe. Binti yangu, anayekaa mtaa wa Fedha kwenye nyumba ya marumaru ambayo huwezi kukohoa bila mlinzi kuuliza, aliniambia nimuulize tu baba yake mkubwa. Nikamwambia haelewi watu.

Mwezi wa nne mama akapiga simu. Alikuwa ameshapita miaka tisini. Mimi ni mwanawe wa pili, nina jina la baba yake, ndiyo maana alikuwa ananiita baba tangu nizaliwe. Akasema anataka kusikia kinanda cha mumewe kabla hajalazwa kando yake, na kwamba nije na pete. Nilipompigia kaka akakohoa, akasema tutaongea nikifika.

Nikaenda karakana, ingawa nimestaafu bado wananiruhusu, nikakata pete kutoka springi ya lori. Niliisugua siku mbili. Vijana wakaniuliza kama ninaoa.

Nilipofika nyumbani nilikuta kaka ameleta kikundi cha kukodi kutoka mjini. Vijana wenye mashati ya rangi moja, na spika. Kodiani ilitoka kwenye simu ya mmoja wao. Walicheza vizuri, siwezi kuwaonea, lakini walicheza wakimtazama anayewapiga picha. Mama alikuwa kwenye kiti chake uani, amefunikwa blanketi. Aliwatazama kama mtu anayetazama mboga ya jirani ikipikwa. Wakamaliza, watu wakapiga makofi.

"Hawa ni wa nani?" mama akauliza. Akaambiwa. Akasema, "Haya, wamejitahidi. Sasa leteni cha mwenye nyumba."

Kaka hakuinuka. Aliangalia viatu vyake. Basi mimi nikasimama, mbele ya majirani na mbele ya watu wa kanisa lake, nikatoa yote niliyokuwa nimeweka moyoni. Nikamwambia, "Wewe umeokoka, sawa. Kinanda cha watu kilitenda dhambi gani?"

Kaka akainuka. Akaingia jikoni kwa mama, ile nyumba ya kuni, akatoka na gunia jeusi kwa masizi. Akaliweka mbele yangu, akalifungua kama mtu anayefunua maiti.

Nilipoivuta, mikunjo yake ilipasuka mkononi kama majani makavu. Ndani ya kodiani kuna ndimi ndogo za chuma zilizoshikwa kwa nta, na nta ilikuwa imeyeyuka zamani. Ndimi zote zilikuwa zimeanguka. Ukiitikisa inalia kama mahindi kwenye debe. Ilikuwa imekaa miaka juu ya meko, kwenye dari ya fito tunapokaushia mbegu.

Nikauliza ni mjinga gani anayeweka kodiani juu ya moto.

Kaka akasema kwa sauti ya chini, si ya kunishinda, "Ni wewe, ndugu yangu. Panya walipoingia nilikupigia ile simu ya ofisi kazini kwenu. Ukasema niiweke jikoni juu, moshi hufukuza panya, mbegu mbona hukaa huko haziliwi. Ukasema una kazi, ukakata." Akapangusa masizi mikononi. "Nilikuwa napanda kuipangusa kila Jumamosi. Nilidhani naitunza. Kuifungua nilianza kuogopa, kwa sababu ni yako."

Nikakumbuka. Nilikumbuka hata mashine ilivyokuwa ikinguruma na msimamizi akinionyesha saa. Nililijibu swali lile jinsi mtu anavyofukuza nzi.

Mama akasema, "Piga pete basi, baba."

Nikapiga. Chuma kilikuwa kizuri, mkono haukukosea hata mara moja. Mama akatoa mguu mmoja chini ya blanketi, akakanyaga chini, akangoja. Nikaendelea. Akangoja tena kitu kije juu ya ile sauti. Hakikuja. Akaurudisha mguu.

"Acha," akasema. "Hiyo ni nyundo tu."

Akamwomba kaka amwingize ndani. Kaka alimbeba na kiti chake, na hakuna aliyemsaidia, mimi nikiwemo.

Tulimzika mwezi wa sita, tukaimba za kanisa. Baada ya watu kutawanyika kaka alinifuata hadi getini na lile gunia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Akaniuliza, "Sasa hii niiweke wapi?"

Nikaangalia barabara. Mpaka leo sijampa jibu.