Mpira wa Fundi wa Tononoka

Fundi wa Tononoka hakati mpira wa kupitishia mafuta kabla ya kusema Bismillahi. Huupuliza, huunusa, kisha huuvika kwenye injini polepole, kwa vidole vyeusi vya grisi. Mubaraka alisimama mbele yake na kipande cha mpira kilichoyeyuka, kilichotoka kwenye gari alimofia kakake kwa moto.

"Huu ni mpira wa kumwagilia maua, fundi! Uliiongezea injini nguvu, kisha ukaipitishia petroli humu?"

"Ni kadari ya Mungu, dadangu. Tushukuru."

"Usimsingizie Mungu!"

Fundi akainamia gari lake mwenyewe lililokuwa kando, boneti wazi, akaanza kuipangusa injini. Mubaraka akachungulia chini ya boneti. Mle mlikuwa na mpira wa petroli hasa, mweusi, mnene, umebanwa kwa klipu mpya.

"Na huu wako, mbona hukuuachia kadari?"