Ukurasa wa Nyumbani

Watu huniuliza kampuni yetu ilianzaje, nami huanza na bango, kwa sababu ndilo kitu pekee nilichokielewa tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa mchora mabango pale Chikongola. Saluni, bucha, duka la dawa. Hakuna mlango Mtwara nzima ambao brashi yangu haikuupitia. Hata bahari ningeiandika jina kama ingetulia. Mchana napaka rangi, jioni nakwenda darasani na watu wazima wenzangu, na nilipofaulu kidato cha nne mama yangu alishangilia mpaka Msumbiji wakasikia.

Rafiki yangu wa darasa lile la jioni akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta. Alirudi na mashine iliyohitaji wanaume wanne wa kuibeba na mmoja wa kuiombea dua. Akaniambia sasa sisi ni wakala wa usanifu wa kidijitali. Nikaandika hivyo hivyo mlangoni, kwa rangi ya bluu. Kesho yake akaja mtu mwenye kiwanja, anataka ramani ya nyumba. Baada yake akaja mwingine na saa yake ya kidijitali, imekufa. Nikamwambia aiache nitauliza, maana kwa kweli sikujua kama hiyo ni kazi yetu au la.

Kazi zetu, kwa kadiri nilivyozishika, zilikuwa kadi za harusi, nembo za mawakala wa forodha wa bandarini, na kitu kiitwacho tovuti. Hiyo tovuti rafiki yangu alinieleza mpaka akachoka: ni bango, ila halipo mahali. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikashinda wiki nzima najiuliza misumari inapigiliwa wapi.

Mteja wetu wa kwanza wa tovuti alikuwa mama mmoja mjane, mwenye nyumba ya wageni mjini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mashemeji walikuwa wameshamwambia: msimu wa korosho ukifunguliwa na vyumba bado vitupu, nyumba inageuzwa ghala. Alikuwa amesikia kwamba wageni wa siku hizi hutafuta pa kulala kwenye intaneti.

"Nileteeni watu, wanangu," alisema. "Hata wakitoka mwezini nitawatandikia."

Rafiki yangu akaenda kuitengenezea tovuti hiyo Dar es Salaam, kwa kuwa intaneti ya kwetu ilikuwa ukibonyeza leo, unaoa, unazaa, ndiyo picha inaanza kutokea. Kutoka huko akapiga simu kwamba mama alete picha na maelezo ya ukurasa wa nyumbani. Nikamfikishia kama nilivyoambiwa.

"Nyumbani wapi?" akaniuliza. "Hapa kwa marehemu, au kwetu?"

Niliona ni swali la haki kabisa. Nikampigia rafiki yangu.

"Nyumbani ni pale pa kuanzia, ndugu yangu," akasema, na salio likaisha.

Pa kuanzia. Basi mama alianzia kijijini, karibu na kivuko cha Kilambo, na huko ndiko alikokwenda kupiga picha: nyumba ya mama yake ya udongo na makuti, muhogo umeanikwa kwenye mkeka, bibi mwenyewe amekaa barazani. Nikatuma kwa basi. Rafiki yangu, ambaye hakuwahi kuiona ile nyumba ya mjini, akaisifu picha na kuiweka mbele kabisa, pamoja na maelezo ya kufika aliyoyatoa mama.

Wakaja Wazungu wawili, mtu na mkewe, wamevuka Ruvuma na karatasi yenye ile picha. Pale Kilambo kila mtu alimtambua bibi. Wakapelekwa. Bibi akadhani ni marafiki wa bintiye, akachinja kuku, akawaachia kitanda chake. Wakakaa hata wakajua kumenya muhogo. Walipoondoka wakaja wengine. Mjini nako vyumba vikabaki vitupu, msimu ukafunguliwa, na mashemeji wakaingia na magunia.

Mama alipokuja ofisini nilijibanza nyuma ya kompyuta, ambayo ingeweza kuficha ukoo mzima. Rafiki yangu, aliyekuwa amesharudi, akamweleza kwamba ukurasa wa nyumbani maana yake ni ukurasa wa mbele.

"Kwa hiyo wageni mmewapeleka kwa mama," alisema mama.

"Ndiyo, mama. Tunaweza kuutoa, tuweke—"

"Mtoe nini? Humo kuna kurasa nyingine?"

"Tatu."

"Na hizo nazo ziwe za nyumbani."

Akahamia kijijini, akajenga vibanda vya makuti kando ya nyumba ya mama yake. Mpaka leo sijui kama kazi ile tuliiharibu au tuliifanya. Rafiki yangu huitaja kila anapowaeleza watu huduma zetu, nami huangalia pembeni. Ila siku ile, kabla hajatoka, mama alinigeukia akasema anataka na bango la pale njia panda ya kwao. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika Nyumbani."

Nikachukua rangi ya bluu na misumari, nikapanda basi.