Povu Chini ya Bomba la Intakula

Mjukuu wangu wa kike aliniomba mwenyewe, bila kupitia kwa mama yake, nimpeleke kanisani siku ya harusi yake kwa pikapu yangu ya dizeli. Ikiwa imesalia wiki moja tu, gari likaishiwa nguvu. Kila nilipokanyaga mafuta lilipiga mluzi, likatoa moshi mweusi na kujikokota. Kabla sijafungua boneti, mji wetu wote wa Bwera ulikuwa umekwisha kutoa hukumu.

"Muzee, turbo iko imekufa," alisema jirani yangu, mfanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, akiegemea ua. "Batu bote beko banasema."

"Hao wote, ni nani aliyeitazama?"

Alicheka. "Eh, muzee! Hata maiti utaiuliza kama imekufa kweli?"

Habari hizo zilifika Kilembe kwa wazazi wa mjukuu wangu, nao wakaanza kutafuta gari jingine. Jambo hilo liliniuma.

Fundi mmoja wa njiani alikuwa amekwisha kuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli bomba la juu la intakula, yaani kipoza hewa kilicho mbele ya rejeta, kwa sababu tu pale palilowa mafuta. Nilivikata vyote. Kisha nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikalitoboa kitako, nikapachika vali ya tyubu na kuliziba vizuri. Nikalibana kwenye mpira unaoingiza hewa katika turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ili nijaze hewa na kuona inavujia wapi.

"Baba, ukimaliza kulihoji hilo gari, uniambie kama limekiri," alisema mke wangu, akiniletea beseni la maji ya sabuni.

Nilimkabidhi jirani pampu ya mguu. Akapampu, nami nikapaka maji ya sabuni kila kiungo. Bomba la juu halikutoa povu lolote. Lakini nilipoingiza mkono kwenye bomba la chini, mahali ambapo jicho halifiki, vidole vyangu vilihisi hewa ikipuliza. Nilishusha kioo cha kunyolea, nikaona mapovu yakivimba na kupasuka kandokando ya klipu ya chuma.

"Pampu!" nilipaza sauti kama afande. "Pampu, usiache!"

Mpira wa bomba hilo la chini ulikuwa umechanika mdomoni. Kwa bahati ulikuwa mrefu kuliko haja, hivyo nilikata sehemu mbovu, nikausafisha, nikauingiza upya na kuukaza kwa klipu mpya. Tukapampu tena. Hakuna povu!

Sikumpigia mtu simu. Tulipanda sote watatu, mimi, mke wangu na jirani, tukapita Kasese na kukunja kuelekea Kilembe. Penye mwinuko nilikanyaga mafuta: mluzi ulikuwa umetoweka, na gari likatusukuma migongo kwenye viti. Jirani alishika dashibodi.

"Polepole, muzee! Niko na batoto!"

Nilipiga honi mlangoni kwa mjukuu wangu. Alitoka mbio, akasimama, akakunja mikono kama ninavyofanya mimi.

"Babu, nani amekwambia imepona?"

"Hakuna aliyeniambia. Panda."

Akapanda.