Geti la Misalaba

Mtaani kwetu, katika komuni iitwayo Kenya, hapa mjini Katanga, neno fundi halitolewi ovyo. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mama yangu, muuza samaki wakavu wa Kasenga, hakuchoka kunikumbusha hivyo kila aliponikuta uani nimepigia magoti meza yangu ya chuma.

Niliiunda mwenyewe: fremu ya mabomba ya mraba, reli, mota za kuisogeza bunduki ya plasma, na kompyuta kuukuu ya kuziongoza. Unachora umbo kwenye kompyuta, na bunduki inalifuata, ikilikata bamba la chuma kwa moto mwembamba. Nilikuwa nimemwahidi mama geti jipya lenye misalaba ya umbo la ile ya shaba, iliyokuwa fedha ya Katanga ya zamani. Geti lake bovu lilikuwa limefungwa kwa waya, naye alikuwa amengoja msimu mzima wa mvua.

“Mwalimu,” akaniambia, “kama samedi ile machine yako haikate, nitamupatia jirani ile kazi. Yeye njo fundi.”

Jirani huyo alikuwa amechomelea mageti yote ya barabara yetu kwa mkono. Jumamosi asubuhi akaja na kikombe chake cha chai. Kwanza niliiendesha mashine bila moto, ikatembea kwa adabu. Lakini moto ulipowaka tu, mota zikaruka, mstari ukaenda upande, msalaba ukatoka kama suruali iliyoanikwa vibaya. Jirani alicheka hadi chai ikamwagika. Nikarudia. Suruali nyingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa sauti ya darasani nikajitetea: moto wa plasma ukiwaka hutoa umeme wa fujo unaoivuruga kompyuta, na ndiyo sababu meza yangu ina waya wa kuupeleka ardhini. Nikauonyesha, umefungwa vizuri kwenye bomba la maji, kama wanavyofanya barabara nzima.

Mama alikuwa akipanga samaki wake. Hakuinua hata kichwa.

“Ile tuyau? Si weye njo uliibadirisha mwaka jana? Kule chini yote iko plastique.”

Kweli tupu. Bomba lilipopasuka, nilichimba mwenyewe nikaweka la plastiki, nikabakiza kipande cha chuma juu tu, penye robine ya kufungulia maji. Umeme wangu haukuwa na pa kwenda.

Jirani aliacha kucheka, akaenda kwake kuleta fimbo ya shaba. Tukachimba shimo na kuipigilia katika udongo mgumu wa kiangazi, ambao bila maji na chumvi haupitishi umeme vizuri. Mama akaleta ndoo ya maji na chumvi ya mawe ya samaki wake, akaitupa shimoni kwa konzi, bila ubahili. Nikahamisha waya, nikabonyeza.

Msalaba ukatoka mzima, mikono yote minne sawasawa. Nilipiga kelele kama mtoto. Najivuna mpaka leo, na siombi radhi.

Tulipolitundika geti, mama alilipapasa msalaba kwa msalaba. Halafu akatoka nje, akaniamuru nilifunge. Akabisha.

“Ni nani?” nikauliza.

“Fungula!” akajibu, kwa sauti ya kumfikia jirani na barabara nzima. “Ni mama ya fundi.”