Nafasi Tuliyoyaachia Maji

Magari ya miraa hufika mtaani kwetu baada ya swala ya Alasiri, wakati uleule watoto wanapokwenda madrasa. Yanashuka kutoka Meru kwa kasi, na tangu barabara kuu iwekewe matuta, madereva wamegundua kwamba njia yetu ya vumbi inawafikisha sokoni mapema. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka minane, hupita hapo kila siku. Tangu mama afariki, mimi ndiye ninayemfunga mtandio na kumwambia, "Tembea kando ya ukuta. Usicheze."

Gari moja lilipogonga mbuzi wa jirani na kwenda zake, mtaa uliamua kujenga tuta. Niliacha shule darasa la nane nikaingia kazi ya mjengo, kwa hiyo kazi hiyo nilipewa mimi. Tulisomba mawe na murram, udongo mwekundu wa barabara, kwa mkokoteni, tukashindilia. Lakini huku kwetu hakuna anayejenga kitu cha kukata njia bila kuwaza maji. Mvua hunyesha milimani sisi tukiwa bado juani, na mafuriko hushuka ghafla hadi vitandani. Basi tukaacha nafasi kando ya ukuta wa mawe unaofuata njia ili maji yapite, la sivyo yangejaa nyuma ya tuta na kuingia nyumba ya kwanza. Nyumba ya kwanza ni yetu. Nafasi ile niliipima mwenyewe, na nikaipima kwa ukarimu.

Siku ya tatu niliona alama za tairi ndani yake. Madereva walikuwa wakipitisha magurudumu ya kushoto pale, gari linalala upande mmoja na mwendo haupungui. Zamani magari yalipita katikati ya njia. Sisi ndio tulioyasukuma ukutani, kwa watoto.

Kila jioni nilikwenda kutazama. Alama zilizidi kukaribia ukuta. Kisha nikakuta jiwe la ukuta limechubuka na rangi nyeupe ya gari imebaki hapo. Nilimwita mdogo wangu asimame karibu. Mchubuko ulikuwa kimo cha bega lake. Aliniuliza kama anakua, nikasema ndiyo.

Kesho yake nilisimama njiani nikazuia gari.

"Salaam aleikum. Pita juu ya tuta kama watu wengine."

"Aleikum salaam, bosi," dereva alisema, shavu limejaa miraa. "Miraa ikinyauka njiani, utainunua wewe kama kuni?"

"Hapa kuna watoto."

"Si mmeniachia nafasi? Ungekuwa hutaki nipite, ungefunga." Akacheka, akapita palepale.

Mzee jirani, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa akisikiliza barazani. "Kijana amesema kweli," akaniambia. "Dereva akiona nafasi haulizi ni ya nani."

"Basi naifunga."

"Na mvua? Tazama milima ilivyo nyeusi. Maji yatakuja kwako, mwanangu, si kwangu."

"Yaje, mzee."

Niliifunga asubuhi, kwa mawe makubwa na saruji niliyobakisha kazini. Majirani wawili walisimama kunitazama. Mmoja akasema nina kichwa cha ngamia. Hakuna aliyeshika sepetu. Kufikia adhuhuri upepo ulikuwa unanuka udongo uliolowa, na hapa kwetu tone halijaanguka.

Nilipandisha magodoro juu ya meza, na juu yake vitabu vya shule vya wadogo zangu. Niliweka gunia la mchanga mlangoni, nikijua halitazuia kitu. Kutoka juu ya mtaa ulianza kusikika mngurumo. Nilishindwa kujua kama ni maji au ni gari la kwanza.

Mdogo wangu alikuwa tayari kwenda madrasa, mtandio mkononi. Nilimfunga. Nikamshika mkono, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa njia, tukatoka.