Shayiri Niliyoiotesha

Andika, mjukuu wangu, kama ninavyosema, wala usinirekebishe.

Tangu nilipoolewa hapa Masakta nimepika pombe ya mtama, na hakuna mzee aliyewahi kurudisha kibuyu changu. Baba yako alipopanda shayiri ya kuuzia kiwanda cha bia, nilimuuliza inatumikaje. Akajibu kwamba hulowekwa, huota, hukaushwa, kisha bia yake hulala kwenye baridi wiki nyingi hadi iwe nyepesi, ya rangi ya majani makavu. "Wiki nyingi?" nikamwambia. "Yangu huiva siku ya tatu, karibu na moto." Hata hivyo nilielewa: wanatengeneza kimea, kama mimi.

Wanunuzi walikuwa wamemwahidi kwamba shayiri hiyo ikikubaliwa, watampa mbegu ya msimu unaofuata. Alipokwenda msibani Balangdalalu kwa siku nane, niliona vema nimsaidie. Niliiloweka yote aliyokuwa ameivuna, magunia matano, nikaitandaza na kuifunika, ikatoa mizizi myeupe iliyolingana. Nikaianika. Mgongo uliniuma hadi kwenye magoti.

Mkaguzi wa kiwanda alifika siku ile ile baba yako aliporudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akachota punje kiganjani, akaguna. "Bibi, hii imekwisha kuota."

"Ndiyo. Nimewapunguzia kazi."

Akacheka hadi akashika nguzo ya ghala. "Sisi tunataka punje hai, bibi, tuzioteshe wenyewe, zote kwa pamoja. Hizi umezimaliza."

"Kwani nyinyi mnaotesha kwa uganga gani? Mtu akikuletea unga, unamdai mahindi?"

"Mama," baba yako akasema, "nyamaza."

Hakuwahi kuniambia neno hilo kabla ya siku ile.

Gari liliondoka tupu, na mbegu akapewa jirani. Kimea nilikipika, wazee wa Gendabi wakakisifu, nao si watu wa kusifu ovyo. Baba yako alikaa kando na chupa yake ya bia baridi. Niliionja: maji yenye povu. Kwa ajili ya maji hayo nimeitwa mharibifu.

Kicheko cha mkaguzi sikijali. Kinachonikera ni kwamba nilifanya kazi sahihi, kwa mikono inayoijua, na kazi hiyo ndiyo iliyomwangusha mwanangu. Kila nikianza kumwomba radhi, najikuta ninajitetea, naye anainuka na kuondoka.

Mwaka huu amepanda ngano. Ghala nililolikandika mwenyewe limetiwa kufuli, na nikitaka mahindi ya kusaga hunibidi nimwite mama yako aje na ufunguo.